Nyuzi za Mama Lukresia

Jumatano, 4 Desemba

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo, na bati la jikoni limevuja pale pale lilipovuja mwaka jana. Fundi aliyelipigilia alikuwa na haraka ya kuwahi pombe ya ulanzi.

Msimamizi wangu wa shahada ya uzamili anataka niandike kila siku nilichofikiria kuhusu utafiti. Leo nimefikiria bati. Basi nianze na watu wa nyumba hii, nimalizane nao. Mimi ni Judica, mtaalamu wa maabara wa hospitali, mtu wa Same. Nyumba hii ya Bombambili niliolewa nikaikuta na watu wake ndani, kama unavyonunua kabati ukakuta na mende. Kuna mama mkwe wangu, Mama Lukresia, mjane, mtu wa kanisa na kuku. Kuna Dorine, mke wa marehemu Aidan, kaka wa mume wangu. Aidan alipofariki alimwachia Dorine chumba cha uani, shamba la mahindi Mshangano na kazi ya kumtunza mama. Mimi na Dorine hakuna aliyemzalia mama mjukuu, na mama hasahau kututajia. Mume wangu Thadei ni bwana kilimo Namasakata, kule Tunduru. Huja mwisho wa mwezi, au haji.

Dorine amerudi jioni na matope hadi magotini, anatabasamu peke yake. Amemaliza kupanda.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimeandika ukurasa wa kwanza wa utafiti na nimeupenda. Nauweka hapa kwa maneno ya nyumbani.

Bakteria akitaka kuzaa anajikata mwenyewe katikati, na kazi hiyo inaanzwa na protini iitwayo FtsZ. Punje moja ya FtsZ haifai kitu, inaelea tu. Punje zikishikana, kichwa cha hii kwenye mkia wa ile, zinakuwa uzi. Nyuzi fupi nyingi zinakusanyika kiunoni mwa bakteria, chini ya ngozi yake, zinafanya pete. Pete hiyo haitulii. Punje zinaingia upande huu wa uzi na kutoka upande ule, uzi unaonekana kama unatembea, na kila unakopita unawaongoza wajenzi wa ukuta mpya. Ukuta unasogea ndani kidogo kidogo, kiuno kinabana, mmoja anakuwa wawili.

Nilimsomea Derick, mwenzangu wa maabara. Akasema ni nzuri sana, akaniomba chumvi ya kutia kwenye muhogo wake.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Wali, kuku, mvua. Mama hakula, anasema kiuno kinamuuma.

Ijumaa, 27 Desemba

Kumbe mkojo unamchoma tangu wiki iliyopita na alikuwa anaona aibu kusema, mtu ana mtaalamu wa maabara chumba cha pili. Nilimpeleka hospitali. Kwenye darubini nimekuta bakteria wengi, wafupi, wanene kama punje za mchele. Daktari kampa sefaleksini, zile kapsuli ambazo watu wa hapa huziita rangi mbili kama wanavyoita kila kapsuli, kutwa mara tatu kwa wiki mbili.

Mimi nashinda kazini, kwa hiyo dawa itatolewa na Dorine. Nimemweleza kama mtoto wa chekechea. Kila nilichosema alijibu ndiyo dada, kwa sauti ile ile. Mtu wa namna hiyo huwezi kujua kama kasikia au kalala amesimama.

Alhamisi, 2 Januari

Vifaranga wa mama wana mafua. Uani kote ni chafya za kuku. Anawalea kwa ajili ya misa ya kumwombea Aidan baada ya Pasaka, kwa hiyo akifa mmoja ni msiba.

Alhamisi, 9 Januari

Mama hajapata nafuu. Anatetemeka jioni, anatapika. Daktari kamwongezea kapsuli za wiki moja.

Leo alikuja Remmy, kaka yake Dorine, dereva wa bodaboda. Alianguka kwenye utelezi wa barabara ya Namtumbo akachubuka goti lote. Juu ya kidonda amemwaga unga mweupe wa kapsuli. Nilimuuliza kaupata wapi, akacheka, akasema ni rangi mbili tu shemeji, dawa ya kila kitu. Nikaangalia goti, nikamwangalia Dorine. Alikuwa anachambua mboga.

Jumatatu, 13 Januari

Leo nimeona kitu cha kukumbuka.

Nilichukua mkojo wa mama asubuhi nikauweka chini ya darubini. Zile punje za mchele hazipo. Kuna nyuzi. Ndefu, laini, nyingine zinavuka kutoka ukingo mmoja wa duara la darubini hadi mwingine bila kukatika popote. Nilipiga kelele ya furaha, Derick akadhani nimejichoma.

Sefaleksini haigusi FtsZ. Punje zinashikana kama kawaida, pete inajipanga, lakini dawa imemfunga mikono mjenzi wa ukuta wa kiunoni. Dawa ikiwa ya kutosha bakteria anapasuka. Ikiwa pungufu hafi, na wala hazai. Anarefuka tu, na ndani yake pete zinajipanga hapa na pale zikisubiri mjenzi asiyekuja. Siku dawa ikiisha mwilini, mjenzi anafunguliwa, na uzi mmoja unakatika vipande vingi, vyote vizima, vyote na njaa. Ndiyo maana mama anapata nafuu ya siku mbili kisha anaangushwa upya.

Dawa pungufu. Na pakiti nyumbani inakwisha sawasawa na siku zake. Basi kuna mdomo mwingine unaokula dawa ya mama, au goti.

Derick aliangalia, akasema nyuzi zinaweza kuonekana hata kwa mgonjwa anayemeza dozi yote, tusikimbilie. Nilimwambia yeye akimbilie kuosha vioo. Nikaweka simu kwenye jicho la darubini nikapiga picha. Imetoka safi mno.

Jumanne, 14 Januari

Nimemuuliza Dorine. Anasema, "Nilimpa mama mkononi, dada." Nimempigia Thadei aje.

Jumapili, 19 Januari

Kikao kimefanyika baada ya misa ya pili. Alikuwepo baba mdogo Kajetani, ambaye baada ya kifo cha baba mkwe ndiye mkubwa wa ukoo. Alikuwepo Thadei, macho mekundu kwa uchovu na usingizi wa basi, na wazee wengine wawili waliokuja zaidi kwa ajili ya chai. Mama alikaa kwenye kochi na blanketi. Dorine alikaa chini, kwenye mkeka, mlangoni.

Niliongea vizuri, lazima niseme. Nilieleza nyuzi ni nini na zinatoka wapi. Nilitaja goti la Remmy na ule unga. Wazee walinisikiliza kama wanavyomsikiliza padri mgeni. Dorine alipopewa nafasi alisema dawa alimpa mama mkononi kila mara, na za Remmy walinunua dukani Mfaranyaki. Hana zaidi. Baba mdogo akamgeukia mama, akamuuliza kwa upole kama alikuwa anapewa zote. Mama akaangalia blanketi. Akasema yeye ni mzee, mambo ya vidonge hayajui.

Hapo Dorine aliinua uso akamtazama mama, kwa muda mrefu, mpaka mzee mmoja akakohoa. Mama hakumrudishia macho. Nilidhani ni jeuri, mtu anamtisha mgonjwa mbele za watu. Nikatoa simu, nikaizungusha kila mtu aone.

"Baba mdogo," nilisema, "mtu anaweza kusema uongo. Hizi nyuzi haziwezi. Zikionekana, anayeshika dawa ndiye anayeiba dawa."

Baba mdogo aliishika ile simu kwa mikono miwili. Akasema kwa hiyo ukoo umelea nyoka. Akasema Dorine arudi kwao Hanga, na shamba la Mshangano ni mali ya ukoo, halivunwi na mtu aliyetaka kumuua mama wa ukoo. Dorine aliuliza swali moja tu, kama angeruhusiwa kusubiri avune, kisha aondoke. Baba mdogo akasema hapana.

Chumbani Thadei akaniuliza kama nina uhakika. Nikamuuliza kati yake na mimi nani anasoma shahada ya pili.

Jumatatu, 20 Januari

Dorine ameondoka na mvua. Remmy alifunga godoro kwenye pikipiki kwa nailoni. Dorine alimpigia mama magoti akamuaga, mama akamshika kichwa, akalia. Mimi aliniambia nibaki salama.

Jirani yetu Skolastika anasema aliwaona wamesimama Mshangano. Dorine aliingia shambani akapalilia mistari iliyokuwa imebaki, Remmy anamsubiri barabarani na godoro linaloloa, ndipo wakaenda. Nimecheka. Mtu anapalilia mahindi ya kuliwa na wengine.

Jumamosi, 8 Februari

Mama alilazwa, akachomwa sindano, ametoka. Mkojo safi. Baba mdogo alikuja na mkungu wa ndizi, akaniita mkamwana wa kweli mbele ya mama. Nimeupokea mkungu na jina.

Jumanne, 11 Februari

Nani alijua kwamba mwanamke mzee mmoja ana nguo nyingi namna hii za kufua?

Jumatano, 19 Februari

Mgongo wangu. Maji, kuni, uji wa mama usiwe mzito usiwe mwepesi, kuku wa mama, rozari ya mama iliyopotea ikiwa shingoni mwake. Dorine alifanya haya yote na shamba juu, na sikumbuki kumsikia akilalamika. Sisemi alikuwa mtu mwema. Nasema alikuwa na mgongo mzuri.

Leo nimemkuta sokoni, kashuka na gari la alfajiri kutoka Hanga, kapanga mafungu ya likolo, mboga ya majani ya maboga, juu ya kiroba. Amekonda. Alinisalimia kabla sijajificha. Akauliza hali ya mama, nikasema nzuri.

"Anameza?" akauliza.

"Anameza nini? Amepona."

"Akipewa tena dawa msimamie mpaka ameze, dada. Usimwachie mkononi."

Mwizi ananifundisha kulinda. Nilinunua mboga kwa mwingine.

Jumamosi, 1 Machi

Mkojo umeanza kumchoma tena mama. Kapewa zile zile kapsuli, kutwa mara tatu. Safari hii nampa mimi, mkononi mwake, asubuhi na jioni. Ya mchana namwachia kwenye kisosi.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani, nilisema naumwa kichwa. Nilitaka kulala tu. Dirisha la chumba linaangalia uani.

Mama alitoka na kapsuli yangu ya asubuhi ikiwa bado kiganjani. Nilikuwa nimempa mimi, na maji, nikageuka kufunika uji. Alikaa kwenye kinu kilicholazwa, akaifungua taratibu kama mtu anayemenya karanga. Nusu ya unga akaumimina kwenye kopo la maji la vifaranga, akakoroga kwa kijiti. Nusu iliyobaki akaifunga tena, akaimeza. Kifaranga mmoja mgonjwa alimshika mdomo akamnywesha kwa kidole. Ganda la kapsuli nyingine lilikuwa pale chini, jekundu nusu, limekanyagwa kwenye matope.

Nilitoka na kanga moja. Hakushtuka. Alisema wameanza mafua tena, na nusu inamtosha yeye, mwili wenyewe umebaki mdogo. Nikamuuliza kama mwezi wa kwanza ilikuwa hivi hivi. Akasema ndiyo. Nikamuuliza kama Dorine alijua.

"Aliniona," mama akasema. "Alinibembeleza niache. Nikamwambia, ukinisema kwa watu mimi si mama yako tena. Akanyamaza. Yule ana heshima."

"Mama, ulimwacha afukuzwe."

"Nilidhani watamgombeza tu. Wewe ndiye uliyetoa simu." Alimweka kifaranga chini. "Aidan alipenda kuku. Sitamwombea mwanangu kwa sahani tupu. Sasa kama unataka kusema, sema. Baba mdogo atakuuliza dawa siku hizi anashika nani."

Aliniomba nimnyanyue kwenye kinu. Nikamnyanyua. Namchukia mwanamke huyu kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na asubuhi nzima nimekuwa nikimkandia maji ya moto kiunoni.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemsimamia kameza zote tatu. Nilirudi mchana kwa bodaboda. Hakuna haja ya kuwaambia watu, nitamponyesha mwenyewe kimya kimya.

Jumanne, 11 Machi

Nilimpigia Thadei nimwambie. Alikuwa na furaha, anasema mvua ya huku na huko ni nzuri, mahindi ya Mshangano yamebeba mawili mawili, baba mdogo amempendekeza yeye avune. Alisema labda tupige plasta chumba cha uani. Nikamwambia ni wazo zuri. Baada ya hapo hakukuwa na pa kuingizia neno.

Ijumaa, 14 Machi

Mama ana homa kali na hajitambui vizuri. Nilimpeleka hospitali, daktari akaagiza mkojo upimwe kwanza. Alisema ukiwa na wadudu atamlaza na kumwanzishia sindano nzito, usipokuwa nao atatafuta kwingine. Derick alinyoosha mkono kupokea kikopo. Nikasema hiki cha mama yangu nitafanya mwenyewe.

Nyuzi. Hazijawahi kuwa nzuri hivi, si kwenye kitabu, si popote. Zimejaa kioo kizima, zimepishana kama nywele kwenye kitana, na hapa na pale uzi umeanza kubana kiuno bila kumaliza. Dozi kamili za siku nne zimewakuta wamekwisha kuwa wengi. Ninayo macho, nilijua ninachokiona. Nilijua pia ukoo mzima unakijua, maana niliwafundisha mwenyewe sebuleni. Zikionekana, anayeshika dawa ndiye mwizi. Nikisema ni kuku, mama atakanusha. Asipokanusha, nitampigia magoti Dorine mbele ya mkungu wa ndizi wa baba mdogo.

Nilipiga picha. Nikafuta kioo kwa spiriti. Nikaandika kwamba bakteria hawajaonekana.

Daktari akasema basi tumshukuru Mungu si mkojo. Akamsikiliza kifua, akampa dawa za nimonia, turudi nyumbani.

Jumatatu, 17 Machi

Bado kuna muda. Nikienda kesho nikasema kioo kilikosewa, watanielewa. Watu hukosea vioo.

Jumanne, 18 Machi

Mvua kubwa. Sikwenda.

Jumatano, 19 Machi

Nilimtumia msimamizi ile picha. Sikutaja ni ya nani. Amejibu baada ya saa moja, yeye ambaye hujibu baada ya wiki tatu. Anasema ndiyo picha bora aliyowahi kuiona kutoka maabara ya mkoa, iwekwe mwanzoni kabisa mwa utafiti. Nimeisoma barua yake kando ya kitanda cha mama. Mama alifungua macho akauliza vifaranga wamekula. Nikasema wamekula.

Alhamisi, 20 Machi

Nimempeleka. Nilimwambia daktari apime upya, na nikamwacha Derick apime. Derick aliangalia muda mrefu kwenye darubini, kisha akaniangalia mimi, kisha akaandika alichokiona. Sindano zimeanza. Daktari anasema maambukizi yamefika kwenye damu.

Jumamosi, 22 Machi

Mama amefariki alfajiri.

Jumatatu, 24 Machi

Tumemzika karibu na Aidan. Kaburi lilikuwa na maji, vijana waliyachota kwa ndoo kwanza. Kwaya iliimba vizuri. Baba mdogo alihutubia, akasema marehemu alipata bahati ya kuuguzwa na mkamwana msomi, na kwamba bila mimi angekufa mwezi wa kwanza kwa mkono wa mtu. Watu waligeuka wakanitazama kwa heshima. Derick alikuwa nyuma kabisa, chini ya mwavuli, anaangalia viatu vyake.

Dorine alikuja kutoka Hanga na mama zake wadogo. Hakuna aliyemkaribisha na hakuna aliyemfukuza. Alitupa udongo wake. Tuliporudi nyumbani alikwenda moja kwa moja uani, akawapa kuku maji, akakunja mikono ya nguo na kuanza kuosha masufuria ya msiba pamoja na wanawake wa jumuiya. Mimi nilikwenda kuchota maji hapo hapo, sijui kwa nini, maji yalikuwepo ndani.

Hakuacha kusugua. Alisema, sauti ile ile ya ndiyo dada, "Safari hii mbona hukuwaonyesha picha?"

Nikamwambia safari hii hakukuwa na picha.

"Sawa," akasema.

Simu ilikuwa ndani ya kibwebwe changu. Nilimwinulia ndoo ya maji safi, akaipokea kwa mikono miwili, akanishukuru. Kisha baba mdogo akaniita sebuleni, kwamba wakubwa wanakula na nafasi yangu ipo.